Tambi chini ya foronya: shajara ya cherehani yangu

Jumamosi

Kitambaa kimefika. Mita saba za pamba nyeupe, upana sentimita 160, nimezinunua mwenyewe Ngamiani baada ya kuzunguka barabara nne nikibishana bei. Hesabu yangu ni hii: foronya moja inataka kipande cha sentimita 53 kwa 175, mbele na nyuma na ule ulimi wa ndani unaozuia mto usichungulie. Kwenye upana vinatoka vipande vitatu, kinachobaki ni kiukanda cha sentimita moja tu. Mita saba, foronya kumi na mbili. Binti wa dada anaolewa, na mimi kwa mdomo wangu nilisema mbele ya watu: foronya niachieni.

Cherehani ni ya umeme, ya kuweka mezani, mtumba wa Japani uliopitia Unguja kabla ya kuvuka kuja Tanga. Nyuma imeandikwa volti 100 na umeme wetu ni 230, kwa hiyo inaishi na transfoma yake chini ya meza. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, inaingilia kwa mbele. Kitabu cha maelekezo kipo, Kijapani kitupu. Nasoma picha.

Nimekata vipande vyote kumi na viwili kwa raha zangu, redio inaimba. Nikakaa, nikashona upande mmoja wa foronya ya kwanza. Juu mshono umenyooka, mzuri. Nikageuza. Chini ni tambi. Sina neno jingine la kuziita: tambi za futari kabisa, vitanzi virefu vimepandana na kushikana, na nilipovuta kitambaa kikakataa kutoka mpaka nikaingiza mkasi.

Kwa kuwa tambi ziko chini, nikamshika mchawi wa chini. Nimetoa bobini na kuirudisha mara nne. Tambi. Nimebadilisha bobini. Tambi. Mwisho nikachukua bisibisi ndogo ya miwani nikaikaza ile skrubu inayobana uzi wa chini, ya kwenye kesi ya bobini, kile kikombe cha chuma inamokaa, karibu nusu mzunguko, bila kuweka alama mahali ilipokuwa. Tambi. Naandika hapa ili nijue nilipoanzia kuharibu.

Jumapili

Kufumua. Wembe, taa ya simu, na kibao cha kukatia vitunguu kama meza. Nimetoboa kitambaa mara moja, tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Foronya hiyo itapangwa chini kabisa ya wenzake.

Jumatatu

Umeme umeondoka saa kumi na mbili jioni, umerudi saa nne usiku. Hakuna kazi.

Jumanne

Nikitoka kazini nimepita kwa Ami. Si ami wa damu. Alikuwa jirani wa marehemu baba, na anashonea barazani hapo Ngamiani tangu nikiwa nasoma. Cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga, maua ya dhahabu yameshafutika ubavuni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kitambaa au umeleta maneno?"

"Nimeleta tambi."

Nikampa kipande. Hakukitazama sana kwa macho, alikipitisha kwenye kidole gumba, juu, halafu chini.

"Juu ulitia uzi wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Na chini?"

"Mweupe."

Akacheka mpaka akatoa miwani. "Sasa utajuaje nani kalala wapi? Nenda, juu tia mwekundu, chini acha mweupe. Shona kwenye kitambaa kibovu, mikunjo miwili. Kisha ndio uje tuzungumze."

Nikamwomba aje nyumbani Makorora aitazame mwenyewe. Akasema ya umeme hana haja ya kuiona, uzi ni uzi. Nimerudi na daladala nimenuna kidogo.

Jumatano

Juu mwekundu, chini mweupe, kwenye marekani mikunjo miwili. Marekani ndiyo kitambaa bora cha kujaribia: hakina maua ya kukudanganya, kimetulia, bei yake haikuumizi. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya biashara, maana karne ya 19 pamba hii ilikuwa ikiletwa pwani na meli za Wamarekani. Leo inatoka kwingine, jina limegoma kuondoka.

Matokeo: tambi zote nyekundu. Hata moja si nyeupe. Uzi mweupe wa bobini umenyooka chini kama kamba ya kuanikia nguo, na mwekundu umeuzungukazunguka na kuning'inia. Maana yake bobini nimeionea bure siku tatu. Uzi wa juu ndio unaoshuka bila mtu wa kuuvuta urudi.

Nilitaka nielewe kwa nini, kwa hiyo nimezima umeme, nimefungua kile kifuniko cha mbele, nimewasha taa ya simu, na nimezungusha gurudumu kwa mkono polepole, kuelekea kwangu. Hili nilipaswa kulifanya siku niliyoinunua. Sindano inashuka mpaka mwisho wake. Halafu inaanza kupanda, kidogo tu, kama milimita mbili, na kwa kuwa kitambaa kimeushika uzi, uzi haupandi nayo: unajikunja ubavuni mwa sindano, kitanzi kidogo kama shikio la kikombe. Papo hapo ncha ya kulabu, kile chuma kinachozunguka kando ya bobini, inapita, inakichota kile kitanzi, inakitanua, na inakizungusha bobini nzima, kesi na kila kitu, mbele na nyuma, kama unavyomvisha mtoto fulana kwa kichwa. Kikishavuka upande wa pili, ule mkono wa chuma wa juu unaopanda na kushuka unauvuta uzi wote uliobaki. Fundo moja. Nimelitazama hilo mara kumi hivi, chai imepoa.

Ukishaliona hilo, tambi zinajieleza. Ili kulizunguka bobini lote, kulabu inahitaji uzi mwingi kila stichi, zaidi ya stichi yenyewe. Uliozidi lazima urudishwe juu. Mkono wa chuma unauvuta, lakini kama hakuna kinachoubana uzi kule juu, mkono unavuta uzi mpya kutoka kwenye kibunda cha uzi badala ya kuuvuta ule uliolegea kutoka chini. Uliolegea unabaki huko huko.

Kinachobana ni tensheni, vile visahani viwili vya chuma ndani ya cherehani vinavyoushika uzi katikati. Yangu ilikuwa kwenye 4. Nikapeleka 6. Tambi. Nikapeleka 9, mwisho wa namba. Tambi zile zile, urefu ule ule.

Saa tatu usiku nimempigia Ami.

"Namba haibadilishi kitu, Ami. Nahisi imekufa."

"Haijafa. Wakati unapitisha uzi, mguu wa kubana kitambaa uko juu au uko chini?"

Nikafikiri. Huwa naushusha, kwa sababu nilifundishwa cherehani ilale na mguu chini juu ya kipande cha kitambaa, na ninapoanza kazi naukuta huko huko.

"Uko chini."

"Basi umefika kwa watu, mlango umefungwa, ukaketi barazani. Ndani hujaingia. Nyanyua mguu, visahani vinaachana, uzi unaingia katikati. Ukishusha vinaubana. Lala, kesho."

Sikulala. Nimenyanyua mguu, nimetoa uzi wote, nimeupitisha upya. Jaribio lake ni rahisi na sihitaji kitambaa: mguu ukiwa juu, vuta uzi karibu na sindano, unateleza kama hakuna kitu. Shusha mguu, vuta tena: unagoma, na sindano inapinda kidogo kukufuata. Jana ungeteleza mara zote mbili, mguu juu na mguu chini.

Nimeshona. Hakuna tambi. Saa tano na nusu usiku, jirani anakohoa ukutani.

Alhamisi

Furaha ilikuwa ya usiku. Mchana nimeitazama ile sampuli kwenye mwanga: juu kuna vitone vyeupe, kila stichi kitone. Bila shaka, namba bado iko 9, uzi wa juu sasa unabanwa kweli na unamvuta mwenzake wa chini mpaka anatokeza juu. Nimerudisha 4. Vitone vyeupe vimeondoka, vimekuja vyekundu upande wa chini, na kitambaa chenyewe kinajikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini.

Hapa ndipo ile skrubu niliyoikaza Jumamosi imekuja kudai. Bobini inavuta kupita kiasi. Nimeitoa kesi na bobini yake ndani, nimeishika kwa uzi wake ining'inie. Inatakiwa ikae bila kushuka yenyewe, na ukiutikisa mkono mara moja ishuke kidogo kisha isimame. Yangu imekaa pale kama popo. Nikatikisa, nikatikisa, haina habari.

Safari hii nimeweka alama kwanza, kitone cha rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu na kingine pembeni yake. Nimelegeza kidogo sana, kama dakika tano za mshale wa saa, nikajaribu. Tena. Tena. Mara ya tano ikashuka vidole viwili na kusimama. Stop. Namba 4 juu, na sasa ukitazama mshono huoni mwekundu chini wala mweupe juu, fundo limezama katikati ya vitambaa viwili. Hiyo sampuli nimeibandika kwa gundi ndani ya daftari hili.

Kwa atakayesoma: skrubu ya bobini iache. Anza na uzi wa juu, kisha sindano, kisha uchafu. Skrubu iguse ukishakosa pengine pote, na usiiguse bila alama.

Ijumaa

Foronya mbili zimeisha, mshono mzuri. Ya tatu, pale ulimi unapokutana na lesi na pindo, tabaka nne au tano, sindano imekatika. Kipande cha ncha sikukiona kilikoruka.

Nimetuma kijana dukani, amerudi na pakiti. Nimeifunga sindano, inachezacheza kwenye tundu lake, nikakaza skrubu hivyo hivyo. Inaruka stichi: tatu zinashika, mbili hapana, moja inashika. Tensheni nimejizuia kuigusa, na najipongeza.

Nimesoma pakiti kwa miwani: DBx1. Nimeiweka sindano hiyo kando ya kile kipande cha ile ya zamani. Ya zamani shina lake ni nene na upande mmoja umekatwa bapa. Hii mpya shina ni jembamba na la mviringo kote. Ni ya cherehani kubwa za kiwandani. Ya nyumbani imeandikwa HAx1, au 15x1, au 130/705 H, zote ni sindano ile ile kwa majina ya watu tofauti. Ikikaa kwenye cherehani yangu ile ya kiwandani inakosa mahali pake kwa kiasi kidogo mno usichokiona kwa jicho, lakini kulabu inakiona: kile kitanzi cha shikio la kikombe kinajikunja pembeni kidogo, na ncha ya kulabu inapita hewani.

Nimeenda mwenyewe. HAx1, namba 14/90. Hiyo 90 ni unene wa sindano, yaani milimita 0.9, na 14 ni namba ya mtindo wa zamani, zinaandikwa pamoja. Kwa pamba ya foronya inafaa. Ubapa nimeuelekeza nyuma, ule mfereji mrefu wa sindano mbele, maana kwenye yangu uzi unaingia tundu la sindano kutoka mbele kwenda nyuma. Zipo cherehani ubapa wake unakaa ubavuni, ya Ami ni hivyo. Kinachoongoza ni mfereji: ule mrefu unakaa upande uzi unakoingilia.

Stichi hazirukwi tena.

Jumamosi, wiki ya pili

Leo uzi unakatika. Kila baada ya shubiri mbili, tap. Nilikuwa nimebadilisha na kuchukua mweupe kutoka bati la biskuti la mama, uzi wa pamba wa zamani, unang'aa, nikauonea huruma usipotee. Nimeukata kwa mikono kuujaribu: haukunyumbuka, umevunjika kama unyasi mkavu. Hewa hii yetu ya bahari haiachi kitu, sindano zinapata kutu kwenye pakiti na uzi unaoza unauona. Nimeurudisha kwenye bati kwa heshima, utatumika kufungia mishikaki au chochote.

Nimeweka polista mpya, 40/2, hiyo 2 ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Afadhali, unakatika kila baada ya mita badala ya shubiri. Lakini haukatiki kwa ghafla. Unachanika kwanza: karibu na tundu la sindano unafanya manyoya, kisha uzi mmoja kati ya zile mbili zilizosokotwa unaachia, kisha yote. Nimekaa nikiutazama ule ufagio mdogo nikacheka peke yangu. Mji mzima huu umekua kwa nyuzi, mkonge uliletwa mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe kule Pangani na baada yake mashamba yakatambaa mpaka mlangoni mwetu, na mimi mtoto wa Tanga nashindwa na uzi wa dukani.

Kwa Ami, kwa simu:

"Ile sindano iliyokatika jana, iligonga wapi?"

Sijui iligonga wapi. Akaniambia nichukue pamba kidogo, ile ya maskioni, niisugue taratibu kwenye tundu la kile kibati sindano inapozamia. Nimesugua. Upande wa mbele, pamba imenasa. Nikapitisha ukucha: kuna kijino, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Uzi unapita hapo mara nyingi kwenda na kurudi kabla haujatulia kwenye kitambaa, na kila mara kile kijino kinaukwangua.

Msasa wa maji namba 1000, nimeuviringisha kwenye njiti ya kiberiti, tone la mafuta, dakika kumi za kusugua kwenye ukingo wa tundu. Pamba haikunasa tena. Nimefuta vumbi la chuma kabla ya kurudisha kibati. Nimeshona mita mbili za marekani bila kusimama, nikaziangalia tu zinavyotoka nyuma.

Jumapili

Sikushona, nimesafisha. Kibati kimetoka, kesi imetoka, kulabu imetoka. Chini ya kulabu kuna vumbi la nyuzi lililoshindiliwa mpaka limekuwa kitu kama sufi ya kijivu, nimelitoa kwa sindano likaja lote kwa pamoja na umbo lake. Ndani yake nimekuta ncha ya sindano ya Ijumaa. Na uzi wa buluu, kama urefu wa kidole. Sijawahi kushona buluu. Huo umetoka na cherehani Japani, mtu fulani kule alikuwa anashona nini sijui, sare ya shule labda.

Mafuta ya cherehani, tone moja, kwenye njia kulabu inapozungukia. Tone moja. Mara ya kwanza kabisa niliweka matone sita na nguo yangu ya kazini ina ushahidi. Nimeshona kwenye kitambaa kibovu mpaka kikaacha kutoka na alama.

Jumatatu

Tatizo dogo, nimelimaliza asubuhi. Nilinunua koni kubwa kwa kuwa ni nafuu, na kile kijiti cha cherehani ni cha vibunda vidogo. Koni inalala, inasuasua, uzi unavutwa kwa kishindo na kila kishindo mshono unabana kwa stichi mbili tatu. Koni sasa imesimama ndani ya kikombe nyuma ya cherehani, uzi unapanda wima mpaka kwenye pini niliyoitundika kwenye msumari wa kalenda, kisha unashuka kwenye njia yake. Mshono umetulia. Mwanangu anauliza mbona cherehani imefungwa ukutani.

Foronya tatu leo.

Jumanne

Nne. Ninachofanya kila ninapoanza mshono: mkono wa chuma uwe juu kabisa, mikia miwili ya uzi niivute nyuma, kama sentimita kumi, niishike kwa vidole stichi tatu za kwanza. Nisipoishika, uzi wa juu unavutwa chini na unaanza na kijitambi pale mwanzoni. Kimoja kimenipitia kwenye foronya ya saba kwa sababu ya simu.

Jumatano

Mbili, umeme ukaondoka.

Alhamisi

Ya kumi na mbili imekwisha saa nne asubuhi. Bobini iliisha nikiwa nimebakiza shubiri moja, nimejaza nyingine, nimenyanyua mguu, nimepitisha uzi, nimemaliza. Gharama ya uzembe: sindano mbili, wembe mmoja, siku tano.

Nimezipiga pasi, nimezikunja tatu tatu, lesi zote zimetazama upande mmoja. Ile yenye tundu nimeiweka chini kabisa, tundu nimelifunika kwa ua dogo la mkono ambalo halifanani na chochote.

Dada amekuja na bibi harusi mwenyewe jioni. Ameuchukua mzigo, ameupindua, na kuanzia chini.

"Hili ua la nini?"

"La baraka," nikasema, na kwenda jikoni kuwatilia chai.